Mwongozo Kamili: Kuhamisha Data za Shokapu za Pikipiki Kutoka Kwenye Kinasa Hadi Kwenye Kompyuta Bila Kuzipoteza

Mtu anayerudi kutoka Hombolo na kinasa data kilichofungwa kwenye pikipiki yake huwa amekwisha kumaliza kazi ngumu, kwa kuwa vihisi vimepima kila korongo na kadi imeandika. Data hupotea baadaye, katika dakika kumi zinazofuata, pale anapozima swichi kabla faili halijafungwa, anapochomeka waya wa kuchajia simu akidhani unapitisha data, au anapolifungua faili lenyewe la asili katika Excel na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Makosa hayo matatu ndiyo yanayoletwa mezani kwangu hapa Dodoma mara kwa mara, na mengi huwa yamekwisha kuharibu kitu kabla sijaguswa bega.

Mwongozo huu unahusu safari hiyo fupi ya kutoka kwenye kinasa hadi kwenye kompyuta. Unachukulia kwamba vihisi vimekwisha kufungwa kwenye shokapu ya mbele na ya nyuma, kwamba kinasa kinapima mara 200 kwa sekunde, na kwamba kinaandika kwenye memori kadi ndogo ya microSD. Kama kinasa chako kinapima kwa kasi nyingine, badilisha namba katika mahesabu yaliyomo humu. Utaratibu wenyewe haubadiliki.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kifaa cha kusomea kadi kinachochomekwa kwenye USB, pamoja na adapta ya microSD yenye kufuli dogo la pembeni.
- Waya wa USB unaopitisha data, hata kama unakusudia kutumia kadi, kwa sababu kadi ikikwama ndani ya kinasa utauhitaji.
- Kompyuta yenye chaji ya kutosha. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, betri nzima ndiyo itakayokuokoa.
- Flashi moja ya kuwekea nakala ya pili.
- Daftari na kalamu.
- Rula ya chuma yenye milimita.
- Brashi laini ya kupakia rangi, ambayo haijawahi kugusa rangi wala mafuta.

Waya unahitaji maelezo zaidi, maana ndio unaowachosha watu kuliko kitu kingine chochote. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani: mbili za umeme na mbili za data. Waya nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kuchaji simu zina nyuzi mbili za umeme peke yake, na kwa nje hazitofautiani na nyingine hata kidogo. Ukiuchomeka kwenye kinasa, taa itawaka, nawe utaamini kwamba mambo yapo sawa, ilhali kompyuta haioni kitu. Ili kuupima, unganisha simu yako na kompyuta kwa waya huo. Simu ikikuuliza kama unataka kuhamisha mafaili, waya ni mzima. Ikichaji tu kimya kimya, urudishe kwenye chaja. Ukishaupata ulio mzuri, ufunge utepe mwekundu na usimwazime mtu.

## Hatua ya 1: Weka alama ya mibonyezo mitatu

Hatua hii hufanyika pikipiki ikiwa imesimama, kinasa kikiwa kimewashwa, kabla ya kuondoka na tena mara baada ya kufika. Shika usukani, bana breki ya mbele, kisha ikandamize shokapu ya mbele mara tatu kwa nguvu, ukiacha kama sekunde moja kati ya mbonyezo na mbonyezo. Fanya vivyo hivyo kwa nyuma kwa kukandamiza kiti.

Sababu yake ni kwamba mibonyezo hiyo itaonekana kwenye grafu kama vilima vitatu vilivyotengana vizuri (au mabonde matatu, ikiwa namba za kihisi chako hushuka shokapu inapoingia), mwanzoni na mwishoni mwa faili. Ukiviona vya mwanzo ukakosa vya mwisho, faili limekatika njiani. Ukikosa vyote, huenda unaangalia faili la safari nyingine. Hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hiki cha kujua kama data zimefika zote, na tutakirudia mara mbili zaidi kabla ya kumaliza.

## Hatua ya 2: Funga faili kabla ya kukata umeme

Ukishabonyeza mara tatu, bonyeza kitufe cha kusimamisha kunasa na usubiri taa ya kuandika izime au ibadilike kama maelekezo ya kinasa chako yanavyosema. Baada ya hapo hesabu sekunde kumi. Ndipo uzime swichi ya pikipiki.

Kinasa hakiandiki kila kipimo kwenye kadi papo hapo. Hukusanya vipimo kwenye kumbukumbu yake ya muda, kisha huvimimina kwenye kadi kwa mafungu. Zaidi ya hayo, katika mfumo wa kupangia mafaili uitwao FAT32, unaotumiwa na kadi nyingi za namna hii, ukubwa wa faili huandikwa katika orodha ya mafaili pale faili linapofungwa au kinasa kinapoamua kusasisha orodha hiyo. Umeme ukikatwa kabla ya hapo, vipimo vinaweza kuwa vimo ndani ya kadi lakini orodha ikasema kwamba faili lina ukubwa wa sifuri.

Hilo lilinipata mwenyewe. Nilikuwa nimerudi kutoka Hombolo na dakika 52 za barabara ya vumbi, mvua ya Desemba ikianza kudondoka, nikazima swichi kwa pupa ili nisukume pikipiki kibarazani. Nilipofungua kadi nilikuta faili moja lenye jina zuri kabisa na ukubwa wa KB 0. Mafundi wa kompyuta wanajua njia za kufufua faili la namna hiyo, nami nitazigusia mbele, lakini siku ile nilipata theluthi moja tu ya safari.

Onyo: Usiwashe injini kwa starta huku kinasa kikinasa. Starta hunyonya umeme mwingi kwa ghafla, volti za betri hushuka, na kinasa kisichokuwa na betri yake ya ndani huzimika na kuwaka upya. Dalili yake ni kukuta mafaili matano au sita mafupi badala ya moja refu. Tumia kiki, au washa kinasa baada ya injini kuwaka.

Umefanikiwa iwapo: taa ya kuandika imezimika yenyewe kabla hujagusa swichi.

## Hatua ya 3: Ondoa vumbi, kisha toa kadi

Vumbi la kiangazi la huku kwetu, kati ya Mei na Novemba, ni laini kama unga wa uwele na hupenya kila mahali. Ukifungua kifuniko cha kinasa bila kukipangusa, vumbi hilo huingia kwenye tundu la kadi na kukaa juu ya midomo ya shaba. Piga brashi kwanza kuzunguka kifuniko, pikipiki ikiwa imeinamishwa kidogo ili vumbi lianguke nje, ndipo ufungue. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ina unyevu, na unyevu ukikutana na vumbi huwa tope.

Kadi nyingi za microSD hutoka kwa kubonyezwa ndani kidogo, zikajirusha zenyewe. Weka kidole mbele yake. Kadi yenye ukubwa wa ukucha ikianguka kwenye mchanga wa Nkuhungu, hutaiona tena.

Ichomeke kadi kwenye adapta, kisha sukuma kufuli la pembeni la adapta upande uliofungwa kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta. Kufuli hilo linaiambia kompyuta isome tu bila kuandika. Kompyuta ina tabia ya kuandika vijifaili vyake vya siri kwenye kila kadi inayoiona, na baadhi ya programu za kuua virusi hufuta faili lisilojulikana bila kukuuliza. Hiki ni kipande cha plastiki cha bei ndogo sana kinachozuia balaa kubwa, na sijui kwa nini watu hawakitumii.

## Hatua ya 4: Chagua njia ya kuhamishia

Kuna njia tatu: kadi yenyewe, waya wa USB, au Wi-Fi ya kinasa. Ushauri wangu ni kadi, isipokuwa kama imefungiwa ndani ya kinasa na haitoki. Hesabu ifuatayo inaonyesha sababu.

Mstari mmoja wa faili la CSV, yaani faili la maandishi ambalo namba zake hutenganishwa kwa mkato au alama kama hiyo, wenye muda na vipimo vya shokapu mbili huchukua kama baiti 30. Kwa mistari 200 kila sekunde, hizo ni baiti 6,000 kwa sekunde, sawa na MB 21.6 kwa saa moja ya safari. Kupitia kifaa cha kusomea kadi, faili hilo huhamia katika sekunde chache. Kupitia waya kwa mwendo wa kawaida wa biti 115,200 kwa sekunde, ambapo kila baiti huchukua biti 10, zinapita baiti 11,520 kwa sekunde, kwa hiyo faili hilo hilo linahitaji zaidi ya dakika 31. Katika dakika 31 mambo mengi hutokea: kompyuta inalala, mtoto anajikwaa kwenye waya, umeme unakatika.

## Hatua ya 5: Nakili

### Kwa kadi

Chomeka adapta kwenye kompyuta. Tengeneza folda mpya upande wa kompyuta kabla ya kugusa kitu chochote kwenye kadi. Chagua mafaili yote ya siku hiyo, yanakili, kisha yabandike kwenye folda mpya. Usitumie amri ya kukata. Kunakili huacha faili la asili mahali pake, lakini kukata hulihamisha, na ikitokea hitilafu katikati unaweza kubaki na vipande viwili visivyoungana.

Huenda Windows ikakuletea ujumbe unaosema kwamba ni lazima uifomati kadi kabla ya kuitumia. Kataa. Bonyeza kitufe cha kughairi hata kama ujumbe unarudi mara tatu. Maana yake ni kwamba kompyuta imeshindwa kusoma orodha ya mafaili, pengine kwa sababu umeme ulikatwa vibaya. Data zenyewe kwa kawaida bado zimo. Kwanza toa adapta, futa midomo yake ya shaba kwa kitambaa kikavu na ujaribu tena, kwa maana mara nyingi tatizo ni vumbi tu. Likiendelea, usiandike chochote kwenye kadi hiyo. Tengeneza taswira kamili ya kadi kwenye kompyuta, yaani faili moja lenye nakala ya kila kilichomo ndani ya kadi, kisha ifanyie uokoaji taswira hiyo kwa programu kama PhotoRec, ambayo haina malipo. Kwa faili la KB 0, amri ya `chkdsk` yenye kiambishi `/f` inaweza kukusanya vipande vilivyopotea na kuviweka katika folda iitwayo FOUND.000, lakini amri hiyo huandika juu ya kadi, kwa hiyo isitumike kamwe kabla ya kupata taswira.

### Kwa waya

Chomeka waya wako wenye utepe mwekundu, kisha fungua Device Manager katika Windows na uangalie sehemu ya poti. Ukiona jina jipya lenye neno COM na namba, kwa mfano COM5, kompyuta imekitambua kinasa. Ukiona alama ya pembetatu ya njano, draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa, inakosekana. Vinasa vingi vya bei ya chini hutumia chipu ya CH340, CP2102 au FT232, na kila moja ina draiva yake. Zipakue draiva hizo zote tatu ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri, uziweke kwenye flashi. Usisubiri hadi uwe njiani kuelekea Kondoa ndipo uanze kuzitafuta.

Katika programu ya kupokea data, chagua namba ile ile ya COM na mwendo ule ule ulioandikwa katika maelekezo ya kinasa. Yakitokea maandishi yasiyosomeka, yaani alama za ajabu ajabu, mwendo haulingani. Programu ikigoma kufungua poti, angalia kama hujaacha programu nyingine imeishikilia, kwa kuwa poti moja hushikwa na programu moja kwa wakati mmoja. Kisha zima mpangilio wa kompyuta kulala, uanze kuhamisha, na uache waya bila kuugusa hadi mwisho.

### Kwa Wi-Fi

Kinasa huanzisha mtandao wake chenyewe, na kompyuta hujiunga nao kama inavyojiunga na mtandao mwingine wowote. Kwa vinasa vilivyojengwa juu ya chipu ya ESP32, anwani ya kuandika kwenye kivinjari kwa kawaida ni 192.168.4.1. Kwa kuwa mtandao huo hauna intaneti, kompyuta huuona kama mbovu na kurukia mtandao mwingine inaoujua, nawe unabaki na nusu ya faili bila taarifa yoyote. Zima kujiunga kwa hiari kwa mitandao mingine kwanza. Mimi njia hii huitumia barabarani kuhakikisha kwamba kinasa kinanasa, na nikifika mezani narudi kwenye kadi.

## Hatua ya 6: Thibitisha kwamba nakala inalingana na asili

Kulinganisha ukubwa ni mwanzo tu. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, uandike daftarini idadi kamili ya baiti za faili la kadi na za nakala. Zisipolingana hata kwa baiti moja, nakili upya.

Ukubwa ukilingana bado yaliyomo yanaweza kuwa yameharibika, hasa kadi ikiwa ya bandia au imechoka. Kwa hiyo fungua dirisha la amri katika folda husika na uandike:

`certutil -hashfile LOG0007.CSV SHA256`

Kompyuta itatoa mfuatano mrefu wa herufi na namba. Rudia amri hiyo kwa faili lililo kwenye kadi. Mifuatano miwili ikifanana, mafaili ni yale yale, baiti kwa baiti. Huhitaji kusoma herufi zote 64. Linganisha nane za mwanzo na nane za mwisho.

Sasa nakili folda hiyo kwenye flashi, ufanye uhakiki ule ule. Mpaka hapa una nakala tatu: kadi, kompyuta na flashi. Kadi isifutwe bado.

## Hatua ya 7: Yape mafaili majina, na urekebishe saa

Kinasa hutoa majina kama LOG0007, ambayo baada ya wiki mbili hayamwambii mtu kitu. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha tarehe, ili kompyuta iyapange yenyewe kwa mfuatano sahihi, halafu njia na mzigo: `2025-07-14_hombolo_abiria1`. Usitumie nafasi wala mkwaju katika jina.

Katika daftari andika yale ambayo kinasa hakiyajui: upepo wa tairi zote mbili, hatua ya springi ya nyuma ilikuwa ya ngapi, nani aliendesha, uzito wa mzigo, na kama barabara ilikuwa kavu. Grafu isiyokuwa na maelezo hayo ni mchoro tu wa milima.

Suala la saa linawachanganya wengi, nami silaumu mtu. Safari iliyoanza saa mbili asubuhi kwa saa yetu itaandikwa na saa ya kompyuta kuwa 08:00, na kama kinasa kinapata muda kutoka kwa GPS, kitaandika 05:00, kwa sababu GPS hutumia saa ya dunia na sisi tuko mbele yake kwa saa 3. Safari moja, namba tatu. Chagua moja, mimi nashauri 08:00, na uandike kwenye jalada la daftari kwamba hiyo ndiyo inayotumika.

Ukikuta faili lina tarehe ya 1970, 1980 au 2000, data hazina kosa; saa ya kinasa imerudi mwanzo wake, mara nyingi kwa sababu kibetri cha duara cha CR2032 kimekwisha. Kibadilishe kabla ya safari ijayo, na kwa faili hili tumia tarehe ya daftarini.

## Hatua ya 8: Fungua nakala, usifungue asili

Tengeneza nakala ya nne kwa ajili ya kuchezea, na hiyo ndiyo utakayoifungua. Excel ina kikomo cha mistari 1,048,576 katika ukurasa mmoja. Kwa mistari 200 kwa sekunde, kikomo hicho hufikiwa baada ya dakika 87 na ushee. Safari ya kwenda na kurudi Kondoa itapita hapo kwa mbali. Excel itakuonya kwamba haikupakia faili lote, lakini ukibonyeza hifadhi juu ya faili hilo hilo, kila kilichozidi kinafutika moja kwa moja. Faili refu likate vipande, au lifungue kwa programu inayohimili mistari mingi.

Mistari yote ikijaa katika safu moja badala ya kugawanyika, kitenganishi ndicho tatizo: faili limetumia nukta-mkato na programu inatafuta mkato, au kinyume chake. Tumia njia ya kuingiza data kutoka kwenye faili la maandishi na uchague kitenganishi mwenyewe.

Sasa fanya ukaguzi wa mambo matatu.

Kwanza, hesabu mistari. Safari ya dakika 40 inatakiwa kuwa na mistari 480,000 hivi, yaani 40 mara 60 mara 200. Ukipata 455,000, kinasa kiliruka vipimo, na sababu ya kawaida ni kadi isiyoweza kuandika kwa kasi inayotakiwa.

Pili, chora grafu na utafute vilima vitatu mwanzoni na mwishoni. Vikionekana pande zote mbili, faili limetimia.

Tatu, pitisha macho katikati. Mahali palipo na rasta barabarani lazima uone msururu wa vilele vilivyobanana, na pale penye tuta kubwa lazima uone shokapu ya mbele inaingia kabla ya ile ya nyuma. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa pikipiki husogea mita 10 kila sekunde, kwa hiyo kila kipimo kinawakilisha sentimita 5 za barabara. Rasta haiwezi kujificha. Ukiona mstari ulionyooka kabisa kwenye sifuri au kwenye kipimo cha juu kabisa, waya wa kihisi umekatika au umegusana na bodi. Ukiona mstari ulionyooka katikati huku shokapu nyingine ikicheza, kihisi kimekwama au kishikizi chake kimeachia.

## Hatua ya 9: Geuza namba ziwe milimita

Vinasa vingi havitoi milimita. Hutoa namba za kati ya 0 na 4,095, au 0 na 1,023 kwa vile vya zamani, kulingana na volti zinazotoka kwenye kihisi. Namba hizo hazina maana mpaka uzifungamanishe na rula.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa na uinue gurudumu la mbele lisiguse chini. Pima kwa rula urefu wa bomba linalong'aa, kuanzia kwenye mpira wa vumbi hadi kwenye kibanio cha juu, na uandike na namba inayoonekana kwenye kinasa. Tuseme umepata milimita 128 na namba 3,610. Shusha gurudumu, mweke mtu juu hadi bomba libaki milimita 88, ulifunge kwa mkanda lisicheze, kisha usome tena. Tuseme namba ni 2,518. Shokapu imeingia milimita 40 na namba imeshuka kwa 1,092. Gawanya 40 kwa 1,092, unapata milimita 0.0366 kwa kila namba moja. Katika safu mpya andika: 3,610 toa kipimo, mara 0.0366.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Pima na sehemu ya tatu. Kaza hadi bomba libaki milimita 68, yaani shokapu iwe imeingia 60; kwa hesabu yetu kinasa kinatakiwa kusoma 1,972 hivi. Ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 1 au 2, pembe ya kihisi inabadilika kadiri shokapu inavyoingia, au kishikizi kinapinda, na hakuna hesabu itakayorekebisha mpaka ukifunge upya.

Kwa nyuma, kumbuka kwamba kihisi kinapima mwendo wa shokapu, wakati gurudumu lenyewe husogea kwa kiasi tofauti kidogo kwa kuwa shokapu imefungwa kwa mshazari. Pima wima kutoka kwenye ekseli hadi kwenye alama uliyoweka kwenye fremu chini ya kiti, sambamba na kusoma kinasa, nawe utapata uwiano wa pikipiki yako.

## Hatua ya 10: Futa kadi na uirudishe

Ukiwa na nakala mbili zilizohakikiwa, fungua kufuli la adapta, ichomeke tena na uifomati kwa FAT32. Kadi ya GB 32 au pungufu ndiyo inayofaa. Zile za GB 64 na kuendelea huja na mfumo wa exFAT, ambao vinasa vingi vidogo havisomi. Ikimaliza, toa kadi kwa amri ya Eject na usiichomoe kwa ghafla.

Irudishe kadi kwenye kinasa, washa, subiri taa, kandamiza usukani mara tatu, acha kinase kwa sekunde 30, kisha simamisha kwa utaratibu wa hatua ya 2. Toa kadi na ufungue faili hilo dogo. Linatakiwa kuwa na mistari ipatayo 6,000 na vilima vitatu. Likiwa hivyo, kadi irudi kwenye kinasa, kifuniko kifungwe, na mpira wake wa kuzuia vumbi ukaguliwe kwa kidole kuzunguka pande zote nne.